Makaburi Yasiyokuwemo Kwenye Ramani

Siku yangu ya kwanza kazini nilirudishwa mlangoni. Nilikuwa nimefika mapema, shati limepigwa pasi mara mbili na mama yangu, barua ya ajira mkononi. Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya juu ya nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, na ngazi zake za mbao zililia kila ukikanyaga. Mkuu wa Upimaji alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia ya viua iliyodariziwa kwa mkono na sauti ya chini. Aliisoma barua yangu, kisha akanitazama juu ya miwani.

"Damiani. Wewe Mkristo?"

"Naam, mzee."

"Kila mpima ardhi hapa huapa kabla ya kushika chombo. Kitabu kilichomo humu ni chetu sisi Waislamu, huwezi kukiapia. Nenda kalete chako."

Nilishuka zile ngazi nikidhani nimefukuzwa kwa adabu. Nikaenda nyumba ya mapadri, ambako padri mzee aliyenibatiza alinikuta nimesimama mlangoni kama mtu aliyefiwa. Nilipomweleza, alicheka, akanipa kitabu chake mwenyewe. Nikarudi nacho. Mkuu wa Upimaji alisimama, makarani wawili nao wakasimama, nami nikaapa kwamba nitaandika nilichokiona na nilichokipima, si zaidi wala si pungufu. Alinipa mkono.

"Kuanzia leo," aliniambia, "mtu akikuuliza dini yako huko mashambani, mjibu. Usifiche. Halafu mwonyeshe kipimo chako."

Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wanaoingia kazi za serikali na ambao wakati mwingine huja barazani kwangu kuniuliza iwapo mtu wa imani anaweza kukaa ofisini bila kuiacha imani yake nje. Mimi si mwanachuoni. Nilikuwa mpima ardhi kwa zaidi ya miaka thelathini, na ninachojua nilikijulia kazini.

Baba yangu alitoka Unyamwezi kuja kuchuma karafuu, akabakia kama kibarua katika shamba la serikali la Kizimbani. Mimi nilizaliwa huko. Kwa hiyo nilipopangiwa kazi yangu ya kwanza ya uwandani, yaani nje ya ofisi, ikawa Kizimbani hiyohiyo, niliona kama nimerudishwa nyumbani na chombo kigeni begani. Chombo hicho ni theodolaiti, darubini inayosimama juu ya miguu mitatu na kupima pembe. Umbali tuliupima kwa mnyororo wa chuma wenye pingili mia moja. Vijana wa leo wana mashine zinazozungumza na setilaiti, na nawafurahia, lakini mnyororo ulikuwa na faida yake: ulikulazimisha kupita juu ya ardhi yenyewe kwa miguu, ukakutana na wenyewe.

Kwenye kila kona ya kiwanja tulizika bikoni, nguzo fupi ya zege yenye namba. Na kila kipimo kiliandikwa kwenye daftari la uwandani kwa kalamu ya risasi. Kulikuwa na sheria moja juu ya daftari hilo: halifutwi. Ukikosea, unapiga mstari juu ya kosa ili lisomeke, kisha unaandika sahihi pembeni. Mwaka wangu wa kwanza nilikosea kipimo kimoja kule Mtoni, karibu na magofu ya kasri, nikaona haya, nikakifuta kwa raba. Mkuu wa Upimaji aliinua ukurasa ule kwenye mwanga wa dirisha.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Kosa, mzee."

"Kosa lako nalihitaji. Likifutika hili, nitajuaje jengine hukulifuta?"

Alinirudisha Mtoni kwa miguu nikapime upya upande wote. Sikumchukia. Wala sikufuta tena kitu katika maisha yangu ya kazi.

Wabeba minyororo wangu wote walikuwa Waislamu. Mwezi wa Ramadhani waliniambia ninywe maji yangu bila wasiwasi, nami nilikuwa nikienda nyuma ya mkarafuu kunywa, si kwa kujificha, ila nisiwatie kiu. Krismasi walikuja kwangu kula biriani. Hatukuyafanyia hotuba mambo haya.

Jumamosi jioni yule padri mzee alikuwa na darasa la vijana wafanyakazi. Tulikuwa wachache: makarani, muuguzi, fundi umeme mmoja na mimi. Alitufundisha juu ya dhamiri, ile hukumu ya ndani inayomfikia mtu kabla ya hakimu yeyote. Alitufundisha pia juu ya manufaa ya wote. Fundi umeme akauliza kama hayo si sawa na manufaa ya walio wengi.

"Hapana," padri alisema. "Ukiwapa wengi kwa kumnyang'anya mmoja, umeshamtoa huyo mmoja katika watu. Hayo si ya wote tena."

Halafu akasema neno ambalo wakati ule nililiona kali. Alisema sisi Wakristo wa kisiwa hiki, kwa uchache wetu, tuna vishawishi viwili katika kazi za umma: kujificha na kubebana. Kujificha ni woga, na mtu huweza kuutambua. Kubebana kunafanana na upendo, kwa hiyo hakutambulikani upesi.

Ilipita miaka mingi kabla sijaelewa alichokuwa anasema.

Nilikuwa mpima mwandamizi nilipopewa ukanda wa kusini-mashariki, Paje na vijiji vya jirani. Hoteli zilikuwa zinaota pwani nzima, wageni wanaruka juu ya maji na matanga yao, na wafanyakazi wengi walikuja kutoka Bara. Wakristo miongoni mwao walisali Jumapili katika banda la mabati nyuma ya gereji, kwenye kijiji kimoja ambacho jina lake nitalihifadhi. Mvua ikinyesha, hakuna aliyesikia mahubiri. Aliyewaongoza ni katekista, yaani muumini asiye padri anayefundisha dini na kuongoza sala mahali pasipo na padri. Jina lake Yohana, na alikuwa kaka wa mke wangu, Agnesi.

Yohana aliomba kiwanja kwa miaka mingi, na hatimaye kikatoka. Faili likaletwa mezani kwangu kwa ajili ya upimaji. Nilikwenda kwa Mkurugenzi wa idara, maana Mkuu wa Upimaji wa zamani alikuwa ameshastaafu, nikamweleza kwamba katekista ni shemeji yangu.

"Mpima mwenzako yuko Pemba," alinijibu bila kuinua kichwa. "Nenda kapime."

Ramani ya zamani ilionyesha pale ni kichaka kitupu. Siku ya kwanza nilizika bikoni tatu. Siku ya pili tulikuwa tunakata njia kuelekea kona ya nne, alipotokea mama mmoja wa makamo kutoka pwani, gunia la mwani mbichi kichwani, maji yanamchirizika mabegani. Baadaye nilijua kwamba anaitwa Bi Mosi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mnapima nini?"

"Kiwanja cha kanisa."

Akalitua gunia. "Huko mnakokata mna watu."

"Watu gani?"

"Nna wanangu wawili humo. Na mama yangu, na mama yake."

Alinitangulia kichakani. Nilikuwa nimepita pale mara tatu bila kuona. Palikuwa na mawe ya matumbawe, moja kichwani na moja miguuni, mengi yamezama mchangani mpaka yamebakia ncha. Baadhi ya makaburi hayakuzidi urefu wa mkono wangu. Aliinama akapangusa majani makavu kwenye mawili yaliyokaa pamoja, akabaki amechutama kidogo, kama mama anayefunika watoto waliolala.

"Mbona hakuna aliyesema tangu mwanzo?" nilimwuliza.

"Nani katuuliza?" Akanyanyuka. "Sasa wewe nshakwambia. Unakwenda kuyaandika au unakwenda kuyasahau? Nambie hapahapa, nisije nkangoja bure."

Nilimwambia nitayaandika. Akabeba gunia lake akaenda zake, hakushukuru, na sikuona sababu ya yeye kushukuru.

Yohana alifika alasiri, amevaa shati lake jeupe la Jumapili ingawa ilikuwa Jumatano. Alikuwa ameleta michoro ya kanisa imekunjwa chini ya kwapa. Nilimwonyesha makaburi. Aliyapitia kwa macho, kisha akanigeukia.

"Shemeji, mawe kama haya yapo pwani yote."

"Haya ni makaburi, Yohana. Yupo mama aliyezika wanawe hapa."

"Mama mmoja. Mimi banda langu limejaa watu. Wanafanya kazi usiku kucha kwenye mahoteli ya watu, asubuhi wanakuja kusali wamesimama kwa sababu hapana pa kukaa." Akashusha sauti. "Sikwambii uongope. Nakwambia usiandike tu. Tutajenga upande ule, makaburi tutayaacha na miti yake. Nani atadhurika?"

"Ramani ikitoka bila makaburi, kesho atakuja katekista mwengine asiyejua, au mnunuzi. Atachimba."

"Wao wana pa kusalia kila kona. Sisi tumeomba pahala pamoja tu, na Mungu katupa mpimaji aliye damu yetu. Kwa nini katupa wewe?"

Sitaki msomaji amwone Yohana kama mtu mbaya. Nilisimama naye katika lile banda siku za mvua, naye alikuwa akivua koti lake kumfunika mtoto wa mtu. Hakutaka chochote kwa ajili yake. Ndiyo maana iliniuma. Nilitamani kumpa. Nilikaa juu ya sanduku la theodolaiti, daftari magotini, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba kishawishi kinaweza kuja na uso wa mtu unayempenda na maombi ya haki kabisa.

Nikaandika. Nilipima makaburi yote, kaburi kwa kaburi, na yalipochorwa yalikula nusu nzima ya kiwanja. Kilichobaki kisingebeba kanisa la ile michoro. Nilipomwonyesha, Yohana aliirudisha michoro yake kwapani akaondoka bila kuniaga.

Agnesi alinipakulia chakula wiki baada ya wiki bila kuzungumza nami ila kwa lazima. Siku moja nilimwuliza kama anaona nimekosea.

"Sijui kama umekosea," alisema. "Najua kaka yangu amelia, na sijawahi kumwona akilia tangu tulipomzika baba."

Kanisani nako, tulipopeana mkono wa amani, watu walinipa ncha za vidole.

Nilidhani jambo limekwisha, kumbe lilikuwa linaanza. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Mgombea mmoja wa jimbo alipata habari za makaburi, akapanda jukwaani akawaambia wanakijiji kwamba kanisa lilitaka kujenga juu ya wazee wao, na yeye akichaguliwa atawaondoa Wakristo moja kwa moja, hata kwenye ile nusu iliyobaki. Vijana wakaanza kulipigia mawe lile banda la mabati. Mkurugenzi akaniita.

Safari hii alinikaribisha kiti. "Bwana Damiani, ripoti yako imesifiwa sana. Sasa imalizie. Andika kwamba kiwanja chote ni makaburi."

"Upande wa magharibi hamna makaburi, Mkurugenzi. Nimepita hatua kwa hatua, na wazee wa kijiji wamepita pamoja nami."

"Nani atachimba kuhakikisha? Ukiandika hivyo, wewe Mkristo, mjadala unakwisha leo na kila mtu atakusifu. Ukikataa, watasema unawabeba wenzako." Akaegemea nyuma. "Nafasi ya Mkuu wa Upimaji iko wazi, unajua."

Nilijua. Nilikuwa naitamani tangu siku nilipopanda zile ngazi. Nilimwomba anisamehe, nikamwambia siwezi kuzika watu wasiokuwepo.

Shauri likapelekwa mbele ya wazee wa kusikiliza migogoro ya ardhi, waliokaa katika skuli ya kijiji. Darasa lilijaa mpaka madirishani. Yohana alikuwa upande mmoja na waumini wake wachache, wanakijiji upande mwengine. Nilisoma vipimo vyangu: mashariki makaburi, magharibi ardhi tupu, mali ya waliopewa. Mgombea akasimama.

"Huyu ni Mkristo. Na katekista ni shemeji yake. Tumwamini vipi?"

Mwenyekiti wa wazee hao aligeuka kwangu. "Kweli?"

"Kweli yote mawili, Mwenyekiti. Nilimweleza Mkurugenzi kabla ya kwenda kupima."

Mkurugenzi alikuwa amekaa benchi la mbele. Alitazama viatu vyake. Darasa zima likaanza kunong'ona, nami nikalifunga daftari. Kama kweli yangu haikutosha, sikuwa na cha kuongeza.

Ndipo Bi Mosi akasimama kati ya wanawake, nyuma kabisa.

"Nnaomba kusema. Mimi ndiye nliyemwonyesha makaburi bwana huyu. Tulikuwa kichakani, mimi na yeye na wabeba minyororo wake, hapana mkubwa aliyejua. Angetaka kutudhulumu, ile ndiyo ilikuwa siku yake. Akaandika, kawakosesha ndugu zake. Leo anasema upande wa pili hamna maiti. Na mimi nasema hamna, kwa kuwa ningewajua." Akamtazama mgombea, pole pole, bila hasira. "Wanangu wamelala pale. Sitaki watumiwe kumfukuzia mtu."

Akakaa. Wazee wawili wa kijiji nao wakasema ni vivyo hivyo. Mwenyekiti akauliza kama yupo mwenye kupinga, na mgombea akasema atazungumza na wakuu wake, maneno ambayo sote tulijua maana yake: ameshindwa.

Ile nusu ya magharibi ikabaki kwa kanisa. Walijenga kikanisa kidogo, cha mawe na bati, chenye paa pana linalozuia mvua. Makaburi yakazungushiwa ukuta wa mawe na wanakijiji, na yakaingia kwenye ramani ya serikali, ambamo yamo mpaka leo. Mimi sikupata ukuu wa upimaji. Nilihamishiwa masjala, chumba cha kuhifadhia mafaili, na huko ndiko nilikomalizia miaka yangu, nikipanga madaftari ya wapima wengine kwenye rafu. Agnesi alirudi kuzungumza nami siku barua ya uhamisho ilipokuja. Aliisoma, akaikunja, akasema, "Basi angalau utakuwa unarudi nyumbani mchana."

Sasa mimi ni mstaafu. Magoti yamechoka, na vijana wanapokuja barazani wakiniuliza kama Mkristo aingie siasa, nawaambia aingie, maana anayekaa nje akilalamika hajamsaidia mtu. Lakini nawaambia pia kwamba asiingie kwa ajili ya Wakristo. Wengine hawalipendi jibu hilo. Wanasema tuko wachache mno kuweza kumudu kusema hivyo. Ninawaelewa, kwa kuwa Yohana aliniambia maneno ya namna hiyo akiwa na uchungu zaidi yao. Sina uhakika kama siku zote nilitenda kwa unyenyekevu. Zipo siku ninajiuliza kama sikufurahia kidogo kuonekana mwadilifu wakati shemeji yangu analia. Hilo nimeliungama, na bado linanirudia. Ila nikifikiria kile kichaka, sioni pengine pa kuweka kalamu.

Mwaka jana Yohana alilazwa hospitali ya mjini kwa ugonjwa wa sukari. Kwa miaka yote ile tulikuwa tunasalimiana kwenye misiba na harusi, basi. Nilikwenda peke yangu, saa ya kutazama wagonjwa, na matunda ndani ya kikapu. Nilimkuta amekonda, mguu mmoja umefungwa bendeji. Tulizungumza juu ya daktari, juu ya watoto, juu ya paa la kikanisa. Halafu akakisogeza kikapu kando.

"Shemeji, kuna jambo. Baada ya ile siku ya makaburi nilikuombea uhamishwe. Kila asubuhi, kwa jina."

"Nikahamishwa," nilisema.

"Ndiyo. Siku niliyosikia wamekupeleka masjala, niliogopa kusali wiki nzima."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Mimi katekista."

Nilianza kucheka, sikuweza kujizuia, naye akacheka mpaka akashika ubavu, na muuguzi akaja kututazama kama wazee wawili walioharibikiwa akili. Muuguzi alipoondoka, Yohana alijifuta macho kwa ncha ya shuka. Akanishika kiganja.

"Tusali," alisema. "Anza wewe. Mimi nimesema sana."

Nikavuta kiti karibu na kitanda, nikaanza.